Kinga ya Dola: Je, Mtu Aweza Kuishitaki Serikali ya Nchi Nyingine?

Tangu nilipoanza kuweka hapa nakala za hati za wazee wetu, yaani hati za mashamba, za nyumba na za wakfu, swali moja limekuwa likinijia mara kwa mara, aghalabu kutoka kwa vijana waliozaliwa huku ughaibuni. Wananiuliza: "Ami, hati tunazo, na mahakama za London zipo. Kwa nini hatuishitaki serikali iliyochukua mali ya babu?" Serikali wanayoikusudia sina haja ya kuitaja. Jamaa zetu wametawanyika kutoka nchi zaidi ya moja, na kila tumbo lina kisa chake. Lakini swali lenyewe ni la haki, na mwenye kuuliza swali la haki hastahili kubembelezwa. Anastahili jibu.

Mimi si wakili. Nilikuwa karani katika afisi ya mambo ya meli na bima kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi ya karani ni kusoma karatasi za watu wengine mpaka mstari wa mwisho. Kesi nitakazozieleza ni za wazi, na zimo katika kumbukumbu za mahakama. Nimezipanga kwa tarikhi, kwani kanuni hii haifahamiki ila kwa kujua ilivyokua.

Maana ya kinga

Kwa Kiarabu kanuni hii huitwa al-hasana as-siyadiyya. Neno hasana latoka katika shina moja na hisni, yaani ngome. Kwa Kiswahili twasema kinga ya dola. Maana yake ni kwamba mahakama ya nchi moja haimwiti mbele yake mtawala au serikali ya nchi nyingine bila ya ridhaa ya huyo anayeitwa. Msingi wake ni wa kale: walio sawa hawahukumiani. Mfalme hampandishi mfalme mwenziwe kizimbani.

Yafaa tuelewe pia kile ambacho kinga haisemi. Haisemi kwamba serikali haikukosa, wala kwamba deni halipo. Yasema tu kwamba jaji huyu, katika nchi hii, hana njia ya kuingia katika jambo hilo. Haki yaweza kuwa yako kamili, na bado ukarudishwa nje ya mahakama kabla ya kufungua faili lako.

Watu wa Unguja waliwahi kuliona jambo la jamii hii kwa macho yao. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya mizinga ya Waingereza kulibomoa kasri, Sayyid Khalid bin Barghash alikimbilia katika nyumba ya balozi wa Kijerumani. Waingereza walimtaka, na nguvu za kumtoa walikuwa nazo, lakini hawakuingia. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bahari yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ilifika mpaka kwenye bustani ya ubalozi. Sayyid Khalid akapanda pasi na kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Jeshi lililobomoa kasri kwa muda usiotimia saa moja lilisimamishwa na kizingiti cha nyumba. Kinga ya ubalozi si kitu kimoja na kinga ya dola mahakamani, lakini ni ndugu wa baba mmoja: dola haivuki kizingiti cha dola nyingine bila kukaribishwa.

Jahazi lililorudi bandarini likiwa la Napoleon

Kesi ambayo mabwana wa sheria huianzia ni ya Marekani, ya mwaka 1812. Raia wawili wa Maryland walikuwa na jahazi la biashara liitwalo Exchange. Mwaka 1810, likiwa safarini kwenda San Sebastian huko Hispania, lilikamatwa baharini kwa amri ya serikali ya Napoleon, likageuzwa kuwa chombo cha vita cha Ufaransa na kupewa jina jipya. Mwaka 1811, kwa sababu ya tufani, chombo hicho kiliingia bandari ya Philadelphia. Wenyewe wakakitambua, wakaenda mahakamani kudai mali yao.

Fikirini hali ilivyokuwa. Chombo ni chao, kiko katika nchi yao, mbele ya jaji wao, wala hakuna hukumu yoyote ya mahakama iliyowanyang'anya. Hata hivyo walishindwa. Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba manowari ya dola rafiki inapoingia bandarini, huingia kwa ahadi isiyotamkwa kwamba haitashikwa na mahakama za pale. Mwenye malalamiko na aende kwa serikali yake, nayo izungumze na serikali ya upande wa pili. Marshall aliongeza jambo ambalo halikupewa uzito wakati ule: kwamba mtawala akinunua mali binafsi katika nchi ya wenyewe, huenda mali ile ikahesabiwa kama mali ya mtu yeyote. Mbegu hiyo ilikaa ardhini zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuota.

Sultani aliyejiita Albert Baker

Mahakama za Uingereza zilikuwa kali zaidi. Kesi mashuhuri ni ya Sultani Abu Bakar wa Johor, katika Malaya. Alifika Uingereza mwaka 1885 na kutumia jina la Albert Baker. Binti mmoja wa Kiingereza alidai kwamba bwana huyo alimwahidi ndoa kisha akavunja ahadi, na katika sheria ya Kiingereza ya siku zile, ahadi ya ndoa iliyovunjwa ilikuwa sababu ya kudai fidia. Binti akafungua mashitaka.

Sultani hakujibu kama aliahidi au hakuahidi. Alileta barua kutoka wizara ya makoloni ya Uingereza, iliyothibitisha kwamba Johor ni dola na yeye ndiye mtawala wake. Hukumu iliyoandikwa katika vitabu vya mwaka 1894 ikasema kwamba barua hiyo yatosha. Mawakili wa binti walisema kwamba mtu aliyeishi nchini kwa jina la raia wa kawaida ameiacha kinga yake. Majaji walikataa. Mtawala huiacha kinga yake pale tu anapoitwa mbele ya mahakama na akakubali kuhukumiwa. Alivyoishi kabla ya hapo, kwa jina gani na katika nyumba gani, hakuna uzito.

Mambo mawili katika kesi hii yashikeni. La kwanza, ni serikali, wala si jaji, iliyosema nani ni dola na nani si dola. Mwaka 1924 Baraza la Malodi lilifuata njia hiyo hiyo katika kesi ya Kelantan. Kelantan ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza na ikifuata shauri la mshauri wa Kiingereza, lakini maadamu wizara ilisema kwamba ni dola, kampuni iliyokuwa na tuzo ya usuluhishi mkononi haikuweza kuitumia tuzo hiyo kuitoza Kelantan. La pili, kinga ina mlango mmoja, na komeo la mlango huo liko ndani, upande wa mtawala. Mwenye kudai aweza kubisha hodi mpaka achoke.

Milioni ya Nizam

Sasa twaja kwenye kesi ambayo naiona kuwa ndiyo inayofanana zaidi na mambo ya jamaa zetu, kwani ndani yake mna mfalme, mali, vita, wajukuu na karatasi. Hyderabad ya Bara Hindi si nchi ngeni kwa Mahadhrami. Ukoo wa al-Qu'aiti, uliotawala Mukalla, ulipata mali na cheo katika jeshi la Nizam, na mpaka leo katika mtaa wa Barkas mjini Hyderabad wako wakaazi wengi ambao asili yao ni Hadhramaut.

Uhindi ilipogawanywa mwaka 1947, Nizam wa saba, Mir Osman Ali Khan, aliyehesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, hakutaka kujiunga na India wala na Pakistan. Septemba 1948 jeshi la India liliingia Hyderabad, na katika siku chache mambo yakawa yamekwisha. Katika siku hizo hizo, waziri wake alihamisha pauni 1,007,940 na shilingi 9 kutoka hesabu ya Hyderabad katika benki ya Westminster mjini London, akaziweka katika hesabu ya Habib Rahimtoola, aliyekuwa Balozi Mkuu wa Pakistan nchini Uingereza. Haukupita muda Nizam akaiandikia benki kwamba hakutoa idhini, na kwamba fedha zirudishwe. Benki ikajibu kuwa haiwezi kuzirudisha bila ya ridhaa ya yule ambaye hesabu ni kwa jina lake.

Mwaka 1954 Nizam akashitaki. Shauri lilipanda mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1957 likakatwa: fedha zimeshikwa kwa niaba ya Pakistan, Pakistan ni dola, na dola haihukumiwi bila kupenda. Mashitaka yakasimamishwa. Benki haikuweza kumpa Nizam, wala haikuthubutu kuipa Pakistan. Fedha zikabaki pale pale.

Katika hukumu hiyo mlikuwa na sauti moja iliyotofautiana na nyingine. Lodi Denning alikubaliana na wenziwe juu ya mwisho wa shauri, lakini akaandika kwamba kinga isitolewe kwa dola katika kila jambo. Inapofanya kazi za utawala, kama vile kutunga sheria au kuendesha jeshi, sawa. Lakini inapoingia katika biashara kama mfanyabiashara mwingine, kwa nini isihukumiwe kama mfanyabiashara mwingine? Wenziwe walijitenga na maneno hayo waziwazi. Nizam akafariki mwaka 1967, na milioni yake ingali imefungiwa London.

Saruji ya Lagos

Karne ya ishirini iliwabadilisha wafalme. Serikali zilianza kumiliki meli, benki, mashirika ya ndege na viwanda. Mfanyabiashara aliyeuza bidhaa kwa shirika la serikali alijikuta akidai deni kwa mtu ambaye akikataa kulipa, hujifunika joho la ufalme. Nchi nyingi za Ulaya bara ziliona mapema kwamba jambo hili halifai. Marekani ilitangaza mwaka 1952 kwamba itatofautisha matendo ya utawala na matendo ya biashara.

Uingereza ilibadilishwa na saruji. Katikati ya miaka ya 1970 Nigeria, ikiwa na fedha nyingi za mafuta, iliagiza saruji kwa pupa, kiasi cha tani milioni 20, kuliko bandari ya Lagos ilivyoweza kupokea kwa miaka mingi. Mamia ya meli yalitia nanga nje ya bandari yakingoja zamu. Nasi tuliokuwa katika kazi za meli tulikisikia kisa hiki kikisimuliwa kwa miaka mingi baadaye. Serikali mpya iliyoshika madaraka mwaka 1975 iliamua kuzuia malipo. Kampuni moja ya Uswisi, Trendtex, iliyokuwa imeuza tani 240,000 za saruji ya kujengea kambi za jeshi, ilikuwa na barua ya dhamana kutoka Benki Kuu ya Nigeria. Benki ilipokataa kulipa, ikasema: sisi ni sehemu ya dola, tuna kinga.

Mwaka 1977 shauri lilifika Mahakama ya Rufani ya London, na aliyeketi katika kiti cha mbele alikuwa Lodi Denning yule yule. Baada ya miaka ishirini, maneno yake ya upweke yakawa hukumu. Kununua saruji ni kununua saruji, hata kama ni ya kambi ya jeshi, na dhamana ya benki ni dhamana ya benki. Mwaka uliofuata, 1978, Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Kinga ya Dola. Marekani ilikwisha kutangulia mwaka 1976. Sheria zote mbili huanza kwa kusema kwamba dola ina kinga, kisha zataja mambo ambayo ndani yake kinga hiyo haipo: mikataba ya biashara, nyumba na ardhi zilizo ndani ya nchi ya mahakama yenyewe, na kuumizwa kwa mtu ndani ya nchi hiyo.

Yatazameni mambo hayo kwa jicho la mwenye hati ya shamba la babu. Biashara haikuhusu, kwani babu hakuuza, alinyang'anywa. Ardhi iliyo Uingereza haikuhusu, kwani shamba liko ng'ambo. Aliyefungiwa mlango mwaka 1894 alikuwa binti wa watu. Aliyefunguliwa mwaka 1977 alikuwa muuza saruji.

Wala si mali peke yake. Mtu mmoja mwenye uraia wa Uingereza na wa Kuwait alidai kwamba aliteswa Kuwait mwaka 1991, akaishitaki serikali ya Kuwait mjini London. Mahakama zikasema kwamba mateso hayo hayakutendeka ndani ya Uingereza, kwa hiyo kinga ipo. Alikwenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na tarehe 21 Novemba 2001 akashindwa kwa kura 9 dhidi ya 8.

Mali iliyochukuliwa na dola ndani ya nchi yake

Tuingie sasa katika kiini cha swali la vijana wetu. Mwaka 1921 mahakama ya London ilikata shauri la mbao. Kampuni ya Luther ilikuwa na kiwanda Urusi, na serikali ya Kisovieti ikakitaifisha na kuuza mbao zake kwa kampuni nyingine, iliyozileta Uingereza. Luther ikazidai. Mwanzoni ilishinda, kwa sababu Uingereza ilikuwa haijaitambua serikali ile. Kabla ya rufaa kusikilizwa, Uingereza ikaitambua. Mbao hazikubadilika, wala dai halikubadilika, lakini Luther ikashindwa. Mahakama ilisema kwamba haitachunguza uhalali wa tendo ambalo dola iliyotambuliwa imelitenda ndani ya mipaka yake juu ya mali iliyokuwa humo. Hii ni kanuni nyingine, mbali na kinga, lakini husimama nyuma yake kama ukuta wa pili. Ukiuruka wa kwanza, waukuta huu.

Sheria ya Marekani ya 1976 inayo kauli ambayo ya Uingereza haina: yaruhusu, kwa masharti, mashitaka juu ya mali iliyochukuliwa kinyume cha sheria ya mataifa. Kwa kauli hiyo Bibi Maria Altmann, aliyeikimbia Vienna wakati wa Wanazi, aliishitaki Austria huko California juu ya picha za mchoraji Gustav Klimt zilizokuwa za ami yake. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimruhusu aendelee. Austria ikakubali usuluhishi, na Januari 2006 akapewa picha tano. Alikuwa karibu kutimiza miaka 90. Moja ya picha hizo iliuzwa mwaka huo kwa dola milioni 135.

Wengi walipoisikia habari hiyo walidhani kwamba ngome imebomoka. Tarehe 3 Februari 2021 mahakama hiyo hiyo ikaufunga ufa. Warithi wa wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Ujerumani walidai hazina ya vyombo vya kale vya kanisa, ambayo walisema wazee wao walilazimishwa kuiuza kwa serikali ya Prussia mwaka 1935. Majaji wote, pasi na hitilafu, walisema kwamba sheria ya mataifa kuhusu kunyang'anya mali huwalinda wageni. Dola inapochukua mali ya raia wake yenyewe, jambo hilo, kwa kauli hiyo ya sheria, ni la ndani.

Maneno hayo ni mazito kwetu. Babu aliyekuwa raia wa nchi iliyomnyang'anya yuko upande mbaya wa mstari, na pasipoti aliyoipata mjukuu baadaye haibadilishi alivyokuwa babu siku ile.

Hukumu mkononi, mali mbali

Tuseme umeruka kuta zote na umeshinda. Bado yakubidi uikaze hukumu, na hapo kinga hurudi tena. Mali ya dola inayotumika kwa kazi za utawala, kama akaunti za ubalozi na manowari, haishikwi. Oktoba 2012 wadai wa Ajentina walipata amri ya kuizuia merikebu ya kijeshi Libertad katika bandari ya Tema, Ghana. Tarehe 15 Desemba mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari iliamuru iachiwe. Miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu kesi ya Exchange, na manowari bandarini ilikuwa ingali manowari bandarini.

Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Agosti 2019, ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 ilipozuiwa Johannesburg kwa dai la mkulima aliyekuwa akidai fidia ya mali iliyochukuliwa na serikali katika miaka ya 1980. Mapema mwezi wa Septemba mahakama ya huko iliamuru iachiwe, nayo ikaruka kurudi nyumbani.

Wakati siasa inapofungua

Iko njia moja ambayo kinga huondolewa kwa amri. Mwaka 1996 Marekani iliamua kwamba dola ambazo yenyewe imeziandika katika orodha ya wafadhili wa ugaidi zaweza kushitakiwa. Sudan ilikuwa katika orodha hiyo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224 na kujeruhi maelfu. Mwaka 2011 jaji wa Washington alisema kwamba Sudan inawajibika, na fidia zilizofuata zikapita dola bilioni 10. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba hata fidia za adhabu zawezekana. Kisha serikali mbili zikapatana: Sudan ikatoa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi hayo na mengine, ikaondolewa katika orodha, na Desemba 2020 Bunge la Marekani likairudishia kinga yake, isipokuwa katika mashitaka ya Septemba 11.

Lakini ni nani aliyeruhusiwa kudai? Raia wa Marekani, askari wake, na wafanyakazi wa serikali yake, hata wakiwa ni Wakenya au Watanzania, pamoja na jamaa zao. Mkenya aliyekuwa akipita njia, au aliyekuwa katika jengo la Ufundi lililoporomoka kando ya ubalozi, hakuwamo. Bomu lilikuwa moja na siku ilikuwa moja. Kilichowatenga ni mshahara uliandikwa na nani. Anayedhani kwamba kinga huondolewa na ukubwa wa dhulma, na atazame hapo.

Mwisho wa milioni ya Nizam, na jibu la swali

Milioni ya Nizam ilikaa benki ikizaa. Mwaka 1965, kabla ya kufa, Nizam aliikabidhi India haki yake katika fedha zile. Miaka ikapita katika mazungumzo yasiyo na mwisho. Halafu, mwaka 2013, Pakistan yenyewe ikaishitaki benki mjini London, ikitaka ilipwe. Kwa tendo hilo ililifungua komeo kwa mkono wake. Ilipotambua, ikajaribu kuondoa mashitaka. Mwaka 2015 jaji alikataa kuiruhusu itoke kwa namna hiyo. Tarehe 2 Oktoba 2019 Mahakama Kuu ya London ikahukumu kwamba fedha zilikuwa za Nizam, na kwa hiyo ni za wale wanaodai kupitia kwake, yaani India pamoja na wajukuu wake wawili. Pauni milioni moja ilikwisha kuwa milioni 35. Miaka 71 ilikuwa imepita. Takriban wote waliouona uhamisho ule walikuwa wamekufa, na jaji alihukumu kwa barua, kumbukumbu na vitabu vya benki.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili. Mahakama za London hazitawasikiliza juu ya shamba la ng'ambo lililochukuliwa na serikali ya huko, na anayewaambia vinginevyo ili mlipe ada, muulizeni atapita katika kauli gani ya sheria ya 1978. Mahakama za Marekani zina kauli hiyo, lakini imewafungia wale ambao babu zao walikuwa raia wa nchi iliyowachukulia. Kinga ni ya mahakama za kigeni. Ndani ya nchi yenyewe sheria za nchi hiyo ndizo hutawala, na huko ndiko dai la ardhi lilikozaliwa. Na njia ambayo Marshall aliitaja mwaka 1812, ya serikali kuzungumza na serikali, si maneno matupu: Misri iliilipa Uingereza pauni milioni 27.5 kwa mapatano ya 1959, kwa ajili ya mali za raia wa Kiingereza, na tume iliyoundwa kwa sheria ya 1950 ikazigawa kwa waliothibitisha madai yao kwa maandishi.

Njia zote hizo, iwe mapatano, tume, sheria mpya au dola kujiingiza yenyewe mahakamani, zina jambo moja la kushirikiana. Mwenye kudai hachagui siku. Siku huja pasi na kutangazwa, baada ya miaka 10 au 71, na anayekutwa bila karatasi hukutwa hana neno. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo endeleeni kunipelekea nakala za hati, na pamoja na kila hati niandikieni mambo matatu: mwenye jina alikuwa raia wa nchi gani siku mali ilipochukuliwa, ilichukuliwa kwa amri ipi na tarehe gani, na warithi wake ni akina nani, walio hai na waliotangulia. Hati za asili zibaki kwenu, zisitumwe kwa posta.